Nataka uuguzi, mbona napangiwa Saikolojia na Historia?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 20, natokea Wete, Pemba. Nimemaliza fomu siksi mchepuo wa CBG (kemia, biolojia na jiografia) na nimepata divisheni ya pili. Baba yangu yuko Columbus, Ohio, tangu mimi mdogo, karatasi zangu za ukaazi zimeshatoka, na inshaallah naondoka kabla ya muhula wa Agosti. Nataka kusomea uuguzi. Baba amenitumia orodha ya kozi za mwanzo za chuo cha jamii kilicho karibu na kwake. Nimeisoma mpaka macho yamechoka: uandishi wa Kiingereza, saikolojia, sosholojia, historia ya Marekani, takwimu, kuzungumza mbele ya watu. Uuguzi wenyewe siuoni. Baba anasema nichukue sayansi zote kwa pamoja muhula wa kwanza ili nimalize haraka. Je, wananirudisha nyuma? Nianze na zipi? Na hizo nyingine nitazifanyia nini?

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongera. CBG si mchepuo wa mchezo. Nitakujibu kwa urefu, maana swali lako nimeulizwa na vijana wengi wa Unguja na Pemba, na mimi mwenyewe niliipita njia hiyo. Nilisoma miaka miwili katika chuo cha jamii huko Marekani kabla ya kurudi kufundisha hapa mjini, na makosa yangu ya muhula wa kwanza bado nayakumbuka moja moja.

Hawakurudishi nyuma. Muhula wa kwanza chukua uandishi wa Kiingereza, hesabu watakayokupangia, saikolojia ya utangulizi, na kozi ya sayansi, moja tu. Sayansi nyingine zisubiri. Hilo ndilo jibu langu, na yanayofuata ni sababu zake.

Chuo cha jamii ni chuo cha umma cha miaka miwili kilichowekwa karibu na watu ili wasilazimike kuhama kwenda kutafuta elimu. Cha umma kilicho kikongwe kuliko vyote kiko Joliet, jimbo la Illinois, kilianza mwaka 1901. Mwaka 1947 tume iliyoundwa na Rais Truman ilipendekeza vyuo vya namna hiyo vienezwe nchi nzima, na leo viko kiasi cha elfu moja. Darasani utakaa na kijana wa miaka 18, mama aliyetoka zamu ya usiku na mzee aliyepunguzwa kiwandani, na wote mtapewa kazi ile ile. Shahada ya miaka miwili huwa na krediti kama 60 (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi), yaani nusu ya zile 120 za shahada ya kwanza ya chuo kikuu. Anayetaka huishia hapo akaajiriwa, na anayetaka huzichukua krediti zake akaenda kumalizia chuo kikuu.

Sasa angalia tofauti na kwetu. Hapa ukishapangiwa CBG umeagana na historia siku hiyo hiyo, na ukiingia chuo kikuu kusomea udaktari unaanza na mwili wa binadamu tangu wiki ya kwanza. Wenzetu wale wanachelewesha kule kubana. Wanataka kila mwenye shahada, awe muuguzi au fundi wa kompyuta, awe ameandika, amehesabu, amesoma habari za watu na jamii, na amegusa sayansi. Ndiyo maana orodha yako ina sura ya bakuli la mchanganyiko. Hakuna aliyekudharau kwa fomu siksi yako.

Na uuguzi huuoni kwa sababu una mlango wake wa pili. Ukisajiliwa chuoni hujawa mwanafunzi wa uuguzi, umekuwa mwanafunzi anayejiandaa kuomba uuguzi. Nafasi ni chache, kwani hospitali hazipokei wanafunzi wengi wodini kwa wakati mmoja, na wanaoomba ni wengi. Watatazama gredi zako katika kozi hizi hizi za utangulizi, na programu nyingi hukutaka pia ufanye mtihani wa kuingilia, kama TEAS au HESI. Ukishaingia na ukamaliza, utafanya mtihani wa leseni uitwao NCLEX-RN. Mtihani huo ni mmoja kwa aliyesoma miaka miwili na kwa aliyesoma minne. Tangu Aprili 2023 una maswali kati ya 85 na 150, kompyuta inaendelea kukuuliza mpaka ijiridhishe kwamba unafaa au hufai. Kwa hiyo usiitazame ile orodha kama mzigo ulioongezewa juu ya uuguzi. Hapo ndipo uuguzi wako unapopiganiwa.

Nije kwenye shauri la baba yako, kwa heshima zote. Nia yake njema, anataka usipoteze muda. Lakini sayansi hizi zimefungana mnyororo. Anatomia na fiziolojia huja sehemu mbili: ya kwanza huanza na seli na tishu, ikapita ngozi, mifupa, misuli na mishipa ya fahamu, ya pili huingia kwenye homoni, moyo na damu, kinga, mapafu, chakula tumboni, figo na uzazi. Ya pili huruhusiwi mpaka umefaulu ya kwanza, na kabla ya ya kwanza vyuo vingi hutaka biolojia ya jumla au kemia. Mikrobiolojia nayo ina masharti yake. Hata ukiwa na nguvu za kusoma usiku kucha, huwezi kuupunguza mnyororo kwa kuubeba wote begani. Unachoweza ni kuukata, kwa kufeli pete moja. Na gredi ya C katika anatomia ni ya kufaulu, lakini mbele ya waombaji wenye A na B haina nguvu. Ziko programu zinazohesabu hata mara ngapi ulirudia kozi.

Tena kuna hesabu ya saa. Krediti moja ni takriban saa moja ya darasani kwa wiki, kwa muhula wa wiki kama 15 au 16. Kozi nyingi zina krediti 3, sayansi yenye maabara huwa na 4, na saa za maabara huzidi krediti zinazoandikwa. Kwa kila saa ya darasani unatarajiwa kusoma saa mbili nje. Nilizokutajia zinafika krediti 13 hivi, ambazo ni juu kidogo ya 12 zinazokufanya mwanafunzi wa muda wote. Piga hesabu: saa 13 darasani, saa 26 nyumbani, jumla 39. Hiyo ni kazi nzima ya mtu. Kama mtakubaliana nyumbani kwamba utafanya na kibarua, punguza kozi, usipunguze usingizi. Kaa na baba yako mlizungumze hili kabla hujasajili, na penseli mkononi.

Nikueleze sasa jambo linalowaangusha vijana wetu wenye akili kabisa. Sisi tumelelewa na mtihani wa mwisho. Unaweza kulegea Januari, ukakaza Machi, ukaingia chumba cha mtihani Mei ukatoka na divisheni yako. Huko alama zinaokotwa kila wiki. Siku ya kwanza utapewa karatasi ya silabasi, na ndani yake imeandikwa kila kazi ina uzito gani na inatakiwa tarehe ngapi. Chukulia kozi ambayo majaribio yana asilimia 40, insha 30, kazi za nyumbani 20, na mahudhurio na mchango darasani 10. Mwanafunzi akizidharau kazi za nyumbani kwa kuwa ni vitu vya kitoto, asilete hata moja, halafu akapata 90 kwa mia katika mengine yote, atamaliza na 72. Hiyo ni C. Mwenzake asiyemfikia kwa akili, aliyepata 80 kila mahali na hakuacha kitu, ana B. Nimemwona kijana mzuri sana wa hapa mjini akilia kwa jambo hilo, na hakuna wa kumlaumu, kwa sababu karatasi alipewa siku ya kwanza.

Wewe ni mtu wa Pemba, unaijua karafuu. Mwenye kuichuma vizuri akazembea kuianika, mvua moja ya alasiri ikamkuta majamvi yako nje, haulizwi alipanda mti gani. Ichukue silabasi ya kila kozi, andika tarehe zake zote kwenye kalenda moja, ubandike ukutani siku hiyo hiyo.

Uandishi wa Kiingereza nimeutanguliza kwa sababu kozi nyingine zote zinauegemea. Usidhani ni kozi ya sarufi. Wanafundisha namna ya kusimamisha hoja na kuitetea kwa ushahidi. Insha yangu ya kwanza niliandika juu ya Mwaka Kogwa wa Makunduchi. Nilianza kama anavyoanza mtu mzima wa kwetu akija na shauri: hujambo, watu wa nyumbani, mvua zimekujaje huko kwenu, ndipo neno lenyewe. Nikaueleza mji, nikawaeleza wazee, nikakieleza kibanda cha makuti kinachotiwa moto na wanaume wanaopigana kwa migomba. Katika aya ya mwisho kabisa ndipo nikasema nilichotaka kusema: kwamba ugomvi ule wa siku moja unawatoa watu vinyongo ili waweze kuishi pamoja mwaka unaofuata. Karatasi iliporudi haikuwa na wino mwingi. Profesa alikuwa ameizungushia duara ile aya ya mwisho, akachora mshale mrefu pembeni, ukurasa hadi ukurasa, mpaka juu ya mstari wa kwanza, akaandika maneno mawili: "Anzia hapa."

Nilikasirika. Nilihisi ananifundisha utovu wa adabu, kuingia nyumba ya mtu bila hodi. Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa kwamba msomaji wa kule anahesabu adabu kwa njia nyingine: unamheshimu kwa kumwambia mapema unampeleka wapi. Kuzunguka mbuyu, ambako kwetu ni kumwandaa msikilizaji, kwake ni kumpotezea muda. Huna haja ya kuiacha adabu ya nyumbani. Jifunze kubadilisha, kama unavyovua viatu mlangoni na kuvivaa ukitoka. Na utakuja kuona faida yake wodini, maana muuguzi anayempigia daktari saa nane za usiku hana nafasi ya utangulizi: mgonjwa ni nani, amebadilika nini, unataka nini.

Jambo jingine katika uandishi ni kunukuu. Skuli zetu nyingi, ukiyarudisha maneno ya mwalimu neno kwa neno umeonesha kwamba ulisikiliza, na unapata vema. Huko ukichukua sentensi ya mtu bila kuifunga kwenye alama za nukuu na kumtaja mwenyewe, umeiba, hata kama hukukusudia. Adhabu yake yaweza kuwa sifuri katika kazi hiyo, au zaidi. Programu za akili mnemba nazo zina sheria, na kila profesa ana yake. Itafute kwenye silabasi, usiulize wenzako.

Hesabu. Chuo kitataka kujua uanzie wapi. Wengine hutazama matokeo yako ya skuli, wengine hukupa jaribio la kukupanga kwenye kompyuta. Hapa nikukanye kama mwanangu: usilifanye jaribio hilo ukiwa umetoka kwenye ndege. Mimi nililifanya siku ya tatu baada ya kufika, kichwa bado kiko Forodhani, sikuwa nimegusa sehemu za hesabu kwa mwaka mzima. Nikapangiwa kozi ya maandalizi, nikakaa muhula mzima nikijumlisha robo na theluthi. Kozi za namna hiyo hulipiwa ada, lakini krediti zake hazihesabiki kwenye shahada. Siku hizi vyuo vingi vimeanza kumweka mwanafunzi moja kwa moja kwenye kozi yenyewe na kumwongezea kipindi cha msaada pembeni. Ukipewa hiari hiyo, ipokee. Madaftari yako ya BAM, zile hesabu za fomu siksi, yafungue kuanzia wiki hii, na uliza kama jaribio linaweza kurudiwa.

Huenda hesabu yako ikawa takwimu, na kwa muuguzi naipenda kuliko aljebra. Chukua wachumaji watano wa karafuu: mmoja amepata pishi 3, wawili pishi 4 kila mmoja, mwingine 5, na wa mwisho, kijana mwenye miguu ya komba, pishi 24. Wastani ni 8. Lakini hakuna hata mmoja kati ya wale wanne aliyeikaribia 8. Ukiwapanga kwa mstari, wa katikati ana 4, na hiyo ndiyo picha ya kweli ya siku yao. Kozi nzima imejengwa juu ya uangalifu wa namna hiyo: namba hii imetoka kwa watu gani, na inaficha nini. Utakapoambiwa wodini kwamba dawa fulani "kwa wastani" inapunguza presha kiasi fulani, utakuwa na swali la kuuliza.

Ulitaka kujua saikolojia na uuguzi wapi na wapi. Nenda nayo muhula wa kwanza. Ndiyo mlango wa kozi ya makuzi ya binadamu tangu utotoni hadi uzeeni, ambayo programu nyingi za uuguzi huidai. Pia itakufundisha namna ya kusoma zile zinazofuata. Utakutana na Mjerumani aitwaye Hermann Ebbinghaus, ambaye mwaka 1885 alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe: alihifadhi silabi zisizo na maana, kisha akapima amesahau kiasi gani baada ya dakika, saa na siku. Akaona kwamba sehemu kubwa hupotea mapema sana, na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunashika kuliko kurudia mara nyingi kwa mkupuo. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu maktaba, kwa furaha. Chuoni kwetu, na hapa nasema chuo cha Kurani, maalim hakukubali usome ubao mpya mpaka umemsomea wa jana, na Alhamisi ulirudi nyuma juzuu nzima. Murajaa wote ule ulikuwa ndiyo dawa ya jambo alilolipima Ebbinghaus. Kwa hiyo mifupa 206 ya anatomia isikutishe. Ihifadhi kama ulivyohifadhi juzuu ya Amma: kidogo leo, cha jana kabla ya cha leo, na siku moja ya wiki kurudi mwanzo.

Sosholojia ni kozi nzuri, lakini inaweza kungoja mwaka wa pili. Kompyuta ya utangulizi, kama hutumii jedwali wala hujui kupanga mafaili, ichukue mapema, ila usiihesabu kuwa ngumu.

Historia ya Marekani wengi huiogopa kwa kudhani ni ya wenyewe. Huwa imegawiwa mara mbili, hadi 1877 na baada ya hapo, ukichukua mojawapo inatosha mara nyingi. Mimi nakuomba uichukue ukiwa na Zanzibar mfukoni. Sayyid Said alifunga mkataba wa biashara na Wamarekani mwaka 1833, na mwaka 1837 balozi wao mdogo alikuwa ameshakaa Unguja, mtu wa Salem, Massachusetts. Mwaka 1840 jahazi la Sayyid, Sultana, lilitia nanga New York likiwa na mjumbe wake, Ahmad bin Naaman. Ile nguo tuliyoiita merikani ilipewa jina hilo kwa kuwa ilitoka kwao: ilifumwa katika viwanda vya kaskazini, kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa kusini. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipokata pamba, merikani ikaadimika kwenye soko letu na nguo za wengine zikachukua nafasi. Nao walipeleka kwao sandarusi na pembe za ndovu kutoka bandari yetu, na pembe nyingi ziliishia Connecticut kufanywa vibao vya piano. Profesa atakapotaka insha ya muhula, andika hiyo. Darasa zima hakuna atakayekuwa nayo, na wewe utakuwa umeandika juu ya kwenu na juu ya kwao kwa wakati mmoja.

Kuzungumza mbele ya watu: hotuba tatu au nne, kila moja dakika tano hadi saba. Shida yetu huko haiko mdomoni, sisi ni watu wa tenzi na hotuba za harusi. Shida iko machoni. Binti aliyelelewa vizuri Wete huinamisha macho mbele ya mkubwa, na huko kuinamisha macho kunakatwa alama, hudhaniwa huna uhakika na unachosema. Jizoeze kutazama paji la uso la msikilizaji. Yeye ataona unamtazama, na wewe hutajihisi umekosa adabu.

Zile namba zinazofuata majina ya kozi zisikusumbue. Sehemu nyingi inayoanza na 1 ni ya mwaka wa kwanza, na 2 ya mwaka wa pili. Inayoanza na sifuri mara nyingi ni ya maandalizi. Kila jimbo lina desturi yake. Texas, kwa mfano, tarakimu ya pili ndiyo idadi ya krediti. Muhimu kwako ni Ohio, na Ohio ina mpango uitwao Ohio Transfer 36: kozi za msingi zilizomo humo zinapokelewa na vyuo vyote vya umma vya jimbo hilo. Kabla ya kusajili kozi yoyote isiyo ya uuguzi, hakikisha imo. Ukibadilisha nia kesho ukataka chuo kikuu, hutaanza upya.

Fedha. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kuomba msaada wa serikali kuu kwa fomu ya FAFSA, tofauti na wanaokwenda kwa viza ya mwanafunzi. Kuna ruzuku ya Pell, isiyorudishwa, ambayo kwa mwaka wa masomo 2024–25 kiwango chake cha juu kilikuwa dola 7,395, na hutegemea kipato cha nyumba na idadi ya krediti unazosoma. Ukiomba, endelea kuistahili: wastani usishuke chini ya C, na usijiandikishe kozi nyingi halafu ukaziacha nusu njia, kwani wanapima pia umemaliza ngapi kati ya ulizoanza. Ada nayo ina bei ya wakaazi na bei ya wageni. Kwa mwanafunzi tegemezi Ohio hutazama mzazi amekaa jimboni miezi 12 mfululizo, kwa hiyo baba yako aandae mapema vithibitisho vya makaazi yake.

Kabla hujapanda boti ya kutoka Pemba, kusanya karatasi. Vyeti vya fomu foo na fomu siksi, matokeo kutoka NECTA (Baraza la Mitihani), cheti cha kuzaliwa, na kadi ya chanjo tangu utotoni, maana programu za uuguzi hazikuingizi wodini bila uthibitisho wa chanjo na kadi iliyopotea itakugharimu sindano upya. Chuo kitakutaka upeleke matokeo kwa taasisi ya kutathmini vyeti vya nje. Omba tathmini ya somo kwa somo, si ile ya jumla. Vyuo hutofautiana, vingine hukubali kutoa krediti kwa biolojia au kemia ya fomu siksi, vingine huichukulia kama skuli ya sekondari tu. Asiyeuliza hapewi. Madaftari yako ya biolojia na kemia yatie kwenye begi, hata kama ni mazito. Utayafungua.

La mwisho ni saa za ofisi. Kila profesa huandika kwenye silabasi saa ambazo mlango wake uko wazi kwa wanafunzi. Kwetu ukiitwa ofisini kwa mwalimu ujue umekosa, na kwa woga huo nilimaliza muhula wa kwanza sijaujua mlango wa profesa wangu hata mmoja, huku wenzangu wakitoka humo na insha zilizonyooka. Wiki ya pili nenda kwa yule wa uandishi. Chukua rasimu yako na swali moja umeliandika kwenye karatasi, ili woga usikunyang'anye: "Hoja yangu umeiona katika mstari upi?"